Muziki wa asubuhi usio na kiingilio: bure kwa msikilizaji, si kwa mpigaji

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Ngamiani, Tanga. Mtaani kwetu wapo vijana wanaopiga gita, kinanda, udi na ngoma, na wengine wanaimba vizuri, lakini hawana pa kusikika ila harusini, na huko huitwa wale wale kila mara. Nimefikiria kuandaa onyesho la muziki kila Jumamosi asubuhi, bila kiingilio. Wenzangu wananiambia kwamba muziki ni wa usiku, na kwamba cha bure hakithaminiwi. Je, jambo hili linawezekana, na nianzie wapi? Vijana niwalipe, au inatosha kwamba wanapata jina? Tena nina mjukuu wa kike anayejifunza fidla. Nikimpandisha jukwaani, watu si watasema nimeandaa yote kwa ajili yake?

Jibu:

Shikamoo Mwalimu. Jambo hili linawezekana, na katika miji mingine limedumu kwa miaka mingi mfululizo. Naomba ruhusa yako nivuruge mpangilio wa maswali yako na kuanza na lile la malipo, kwa kuwa nimeona maonyesho ya namna hii yakianza kwa furaha na kufa kabla ya kutimiza mwaka, na mara nyingi kilichoyaua ni jibu baya la swali hilo moja. Jibu langu ni kwamba uwalipe. Walipe wote, walipe sawasawa, na walipe siku ile ile kabla hawajafunga vyombo vyao. Onyesho lisilo na kiingilio ni bure kwa aliyekaa kitini. Kwa aliyesimama jukwaani ni kazi.

Naandika hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea. Miaka kadhaa iliyopita, katika mji mwingine wa pwani, tulikuwa na kamati ya watu watano, ukumbi mdogo wa kuazima, na vijana tisa wenye hamu. Tuliwaambia yale tuliyoambiwa sisi tulipokuwa na umri wao, kwamba wapige tu, jina litakuja na fedha zitafuata. Mwezi wa kwanza walikuja wote tisa, wa pili wakaja saba, na mwezi wa nne mpigaji wetu bora wa gita hakutokea kabisa. Tulipomtafuta tukaambiwa yuko kwenye harusi nje ya mji, alikoahidiwa nauli, chakula na shilingi 15,000. Hakutuvunjia heshima. Alikuwa na mama wa kumsaidia, na nauli ya kuja kwetu alikuwa akiitoa mfukoni mwake. Usiku ule nilipokaa na daftari la hesabu niliona kwamba kila mtu aliyehusika na onyesho letu alikuwa akilipwa: mwenye viti, mwenye spika, hata kijana aliyesukuma mkokoteni wenye jenereta. Waliokuwa hawalipwi ni wale ambao bila wao kusingekuwa na sababu ya kukusanyika.

Mfano ninaoutegemea zaidi katika jambo hili unatoka London, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Vita vilipotangazwa Septemba 1939, kumbi za muziki, za tamthilia na za sinema zilifungwa kwa hofu ya mabomu, taa za mji zikawa zinazimwa usiku, na jumba la taifa la michoro, National Gallery, likabaki kuta tupu baada ya picha zake kupelekwa mafichoni nje ya mji. Mpiga piano Myra Hess alimwendea mkurugenzi wa jumba hilo, Kenneth Clark, akamwomba aruhusiwe kupiga muziki humo mara moja moja. Clark akamuuliza kwa nini isiwe kila siku. Onyesho la kwanza lilifanyika tarehe 10 Oktoba 1939 saa saba mchana, wakati wa mapumziko ya chakula, na wenyewe walishangaa kuona watu karibu 1,000 wamefika. Tangu siku hiyo muziki ulipigwa humo Jumatatu hadi Ijumaa kwa miaka sita na nusu, mpaka Aprili 1946, na hesabu yake imehifadhiwa: maonyesho 1,698 na wasikilizaji 824,152. Ndege za Ujerumani zilipoushambulia mji mwaka 1940, wapigaji na wasikilizaji walihamia kwenye vyumba vya chini vya jengo lile lile, wakaendelea.

Maonyesho yale hayakuwa bure kabisa. Kiingilio kilikuwa shilingi moja ya Kiingereza, bei ambayo karani wa ofisini na askari aliye likizoni waliimudu, na fedha zilizosalia zilipelekwa kwenye mfuko wa kuwasaidia wanamuziki wenye shida. Kinachonigusa mimi ni upande wa malipo: mpigaji mwenye jina kubwa na kijana aliyetoka chuoni juzi walipewa kiasi kile kile, gini tano, yaani shilingi 105 za Kiingereza za wakati huo. Hakuna aliyepanda jukwaani akijiona amefadhiliwa, na hakuna aliyeshuka akijiona amedharauliwa. Kijana anapojua kwamba bahasha yake ni sawa na ya mkubwa wake, hubaki na kazi moja tu, nayo ni kupiga vizuri.

Kwetu pwani malipo sawa yana faida nyingine, kwa sababu tuna desturi ya kutunza. Wewe ni mtu wa Tanga, huhitaji kuelezwa jinsi msikilizaji wa taarabu anavyonyanyuka, akasogea kwa madaha mpaka kwa mwimbaji, akampa noti huku akimtazama mtu fulani ambaye ubeti ule umemfika. Tunzo ni maneno yasiyosemwa, na mahali pake ni pazuri sana. Lakini tunzo humfuata mwimbaji, haimfuati mpiga besi wala mpiga fidla aliyeketi nyuma. Tena hufuata undugu, kwa hiyo kijana mwenye shangazi wengi hurudi nyumbani amejaa, na yule aliyetoka Muheza kwa basi la alfajiri hurudi mikono mitupu ingawa amepiga vizuri zaidi. Kuikataza kabisa hakufai. Niliwahi kuona akina mama wakiondoka kwa uchungu baada ya kukatazwa, na walikuwa na haki ya kuchukia. Nakushauri uombe kwa upole, mwanzoni mwa onyesho, kwamba anayetaka kutunza asubiri wimbo wa mwisho, na uweke kapu moja karibu na njia ya kutokea, ambalo kila mtu ajue kwamba ni la mfuko wa onyesho na si la mtu mmoja.

Fedha zitoke wapi? Watu wetu ni hodari wa kuchangisha kuliko tunavyokiri. Kamati ya harusi hukusanya mamilioni kwa miezi miwili, kwa kadi, kwa simu na kwa kumkumbusha mtu kila Jumapili, na ujuzi huo huo unafaa hapa. Tuseme una makundi mawili kwa onyesho moja, jumla wapigaji sita, na kila mmoja unampa shilingi 20,000: hizo ni 120,000. Weka 60,000 za viti na kahawa, na 20,000 za dharura. Unahitaji 200,000 kwa mwezi, yaani watu ishirini wanaotoa 10,000 kila mmoja. Usianze kabla hujashika mkononi michango ya miezi mitatu, maana mwezi utakaomwambia kijana asubiri kidogo ndio mwezi atakaoanza kukuhesabu pamoja na wengine waliomwahidi. Mfanyabiashara akitaka kusaidia, mshukuru na umtaje mara moja kabla ya muziki kuanza. Mgombea wa kiti chochote akitaka kuhutubia, mwombe aketi asikilize kama wengine. Hotuba moja ya siasa inatosha kulitia onyesho lako rangi ambayo haitatoka.

Kuhusu cha bure kutothaminiwa, nakuomba uwaeleze wenzako habari za Chicago. Katika mji huo, tangu mwaka 1977, pamekuwapo maonyesho ya Jumatano saa sita na robo mchana yaliyopewa jina la Myra Hess kwa kumkumbuka, ya dakika 45, bila kiingilio, na wanaopewa nafasi hasa ni wanamuziki vijana walio mwanzoni mwa safari yao. Makao yake kwa miaka mingi yamekuwa Chicago Cultural Center, jengo lililofunguliwa mwaka 1897 kuwa maktaba ya umma, chini ya kuba kubwa la vioo vya rangi, na redio ya muziki wa klasiki wa Ulaya mjini humo, WFMT, huyatangaza moja kwa moja hewani. Amsterdam nako, ukumbi wa Concertgebouw, ambao ulifunguliwa mwaka 1888 na tiketi zake za jioni ni ghali, hufungua milango yake bure Jumatano mchana. Siku nyingine watu husikiliza orkesta kubwa ikifanya mazoezi, na siku nyingine vijana hupiga katika ukumbi mdogo. Watu huwahi ili wapate kiti, na hawajatoa hata senti.

Wanachokithamini watu wale ni uangalifu. Wanajua kwamba saa iliyotangazwa ndiyo saa yenyewe, kwamba kiti kitakuwapo, kwamba atakayepiga amejiandaa, na kwamba wiki ijayo yatakuwa hivyo hivyo. Mtu hupima thamani ya jambo kwa namna mwenye nalo anavyolishika. Ukitangaza saa tatu na nusu halafu ukaanza saa nne na robo kwa kumsubiri mgeni rasmi, umewafundisha waliowahi kwamba waliwahi bure, na mwezi unaofuata nao watachelewa. Kwa maoni yangu onyesho la namna hii lisiwe na mgeni rasmi kabisa.

Wenzako wanaosema muziki ni wa usiku wana hoja, na usiipuuze. Taarabu yetu imekua katika harusi za kukesha, dansi lilikuwa burudani ya mtu aliyekwisha kutoka kazini na kuoga, na joto la pwani limetufundisha kungoja jua litue. Hata hivyo muziki wa mchana haujawahi kuwa mgeni kwetu. Bendi za dansi zilifanya mazoezi mchana katika baa zile zile zilizopiga usiku, na vijana wasio na fedha za kiingilio wakasimama nje ya ua wakisikiliza wimbo ukirudiwa mara kumi mpaka ukakaa sawa. Wapo wapigaji waliojifunzia pale uani kuliko mahali pengine popote. Disko toto la sikukuu nalo tumelizoea sote, watoto wakiwa ndani mchana kweupe na wazazi nje wakiwasubiri. Tunachokifanya sasa ni kuliweka sikio lile la uani juu ya kiti.

Fikiri pia ni nani atakayeweza kuja asubuhi ambaye usiku hawezi. Binti wa sekondari anaweza kuja, na mama yake asikose usingizi kwa wasiwasi. Mzee asiyeona vizuri gizani anaweza kuja kwa miguu. Mtu ambaye dini yake au heshima yake haimruhusu kuingia baa anaweza kuja, na mama mwenye mtoto mchanga atakaa nyuma karibu na njia. Hawa wote wana masikio mazuri, na kwa miaka mingi muziki wetu wa hadharani umewaacha nje. Tena asubuhi hakuna aliyelewa, hakuna sahani za pilau zinazogongana, hakuna mshereheshaji anayekatiza wimbo ili kutangaza zawadi. Kijana anayepiga harusini miaka mitatu anaweza asijue kama anapiga vizuri, maana hajawahi kupiga penye ukimya. Siku ya kwanza ukimya huo humtisha. Mikono hutetemeka, kasi ya wimbo humponyoka. Mara ya tatu anaanza kujisikia mwenyewe, na hapo ndipo anapoanza kukua. Hii ndiyo faida kubwa ambayo onyesho lako linaweza kumpa chipukizi, kubwa kuliko jina.

Sasa siku na saa. Umesema kila Jumamosi. Nakuomba uanze na mara moja kwa mwezi. Mji mmoja haukosi vipaji, lakini kijana anahitaji wiki kadhaa kuandaa nyimbo nne barabara, na wewe unahitaji muda wa kukusanya michango na kupumzika. Chagua Jumamosi ya kwanza ya mwezi, ambayo ni rahisi kuikumbuka, na uiepuke ya mwisho, kwa kuwa asubuhi yake ni ya usafi wa mazingira nchi nzima. Zungumza mapema na walimu wa madrasa za jirani, maana watoto wengi huwa chuoni asubuhi hiyo, na ukumbuke kwamba Jumamosi ni siku ya ibada ya majirani Wasabato. Pengine mtakubaliana kwamba kila mwezi wa tatu onyesho lihamie siku ya mapumziko ya kitaifa. Anza saa tatu na nusu, maliza saa nne na dakika ishirini. Kwa saa hiyo waliokwenda sokoni alfajiri wamekwisha kurudi, jua halijakuwa kali, na bado kuna nafasi kubwa kabla ya adhana ya adhuhuri, hata wimbo mmoja ukirefuka. Mwezi wa Ramadhani pumzika. Msimu mzuri wa kuanza kwenu ni Juni, masika yakiwa yamekwisha na joto la Desemba bado liko mbali.

Mahali pasiwe pakubwa. Watu sitini katika baraza la shule au la maktaba ni umati, ilhali watu sitini hao hao uwanjani ni aibu, na vijana watakiona kiwanja kitupu kabla hawajawaona wasikilizaji. Bustani inayotazama bandari inavutia macho, lakini upepo wa bahari hushika nguvu kadiri jua linavyopanda, na upepo ukiingia kwenye maiki hakuna fundi mitambo atakayeuondoa. Mimi ningetafuta ua wenye jengo upande wa mashariki, ili kivuli cha asubuhi kiwaangukie wapigaji na wasikilizaji pamoja, na ukuta nyuma ya jukwaa wa kuirudisha sauti kwa watu. Spika mbili ndogo zinatosha. Fundi wako aende akasimame nyuma ya safu ya mwisho, na sauti ikimfika vizuri, apunguze kidogo. Siku moja kabla, pita nyumba kwa nyumba kwa majirani wa karibu, uwaambie saa ya kuanza na ya kumaliza. Jirani mwenye mgonjwa ndani akiulizwa mapema huwa mlinzi wa onyesho, na asipoulizwa huwa mshitaki wake.

Mkaribishe pia muuza kahawa, yule wa birika na mkaa, akae pembeni na vikombe vyake na kashata, na mama mmoja wa mbaazi na mandazi. Wafanye biashara yao kabla na baada, na wakati muziki unapigwa wapumzike. Watu wakijua kwamba kuna kifungua kinywa watawahi, na waliowahi wataketi mbele.

Asubuhi ina masharti yake kwa vyombo na kwa sauti, na wapigaji waliozoea usiku huwa hawayajui. Unyevunyevu wa alfajiri hulegeza ngozi, kwa hiyo ngoma zifike mapema zianikwe au zipashwe moto kama desturi, na zisirudishwe kivulini mapema mno. Gita na udi, kinyume chake, visikae juani hata kidogo; viwekwe kivulini nusu saa nzima kabla ya kutuniwa, la sivyo vitatuniwa mara mbili. Ukipata mpiga ganuni, mwenye nyuzi zaidi ya 70 za kukaza moja moja, mpe chumba cha utulivu na saa nzima, na mwombe mtu asimame mlangoni watoto wasimsumbue. Waimbaji waamke angalau saa mbili kabla ya kupanda jukwaani, wanywe maji ya vuguvugu, waongee, waghani taratibu kwa sauti ya chini. Koo lililotoka usingizini halipandi juu kwa kulazimishwa, na wengi huharibu wimbo wa kwanza kwa sababu hiyo tu.

Kuhusu mpangilio wa muziki wenyewe, dakika hamsini zinatosha: makundi mawili, kila moja dakika ishirini, na zinazobaki ni za kubadilishana nafasi na maneno machache. Dakika ishirini ni nyimbo nne, na chipukizi wengi wana nyimbo nne nzuri na nyingine sita za kujazia. Mpe nafasi ya zile nne. Ningeomba kila kundi lilete angalau wimbo mmoja wa zamani wa Tanga na mmoja waliotunga wenyewe. Mji wenu una urithi ambao vijana wengi wameusikia redioni bila kujua umetoka mitaa ile ile wanayoishi: Jamhuri Jazz na Atomic Jazz katika dansi, Black Star na Lucky Star katika taarabu, vikundi vilivyoingiza gita la umeme na besi katika taarabu na kuifanya ichezeke, pamoja na sauti ya Shakila ambayo pwani nzima iliijua. Kupiga kopi kuna heshima yake. Hakuna shule ya gita iliyo bora kuliko kutafuta kwa sikio jinsi gita la pili linavyojibizana na la kwanza katika rekodi ya miaka ya 1970. Wimbo wao wenyewe ukifuata hapo, wasikilizaji watasikia ulikotoka.

Jambo moja usilegeze: asiwepo anayeimba juu ya muziki uliorekodiwa. Najua kwamba vijana wengi wa kizazi kipya wamekulia studio na hawajawahi kusimama na wapigaji hai, na sisemi kwamba kazi yao haina thamani. Nasema kwamba asubuhi yako ni mahali pa mtu kusikika akipiga na akikosea na akirekebisha. Kijana wa namna hiyo mkutanishe na mpiga gita mmoja wiki tatu kabla, waufanye wimbo wake upya kwa gita na sauti tu. Mara nyingi wimbo hupata uso ambao mwenyewe hakuujua.

Usiwachague kwa mashindano wala kwa kura za simu. Mashindano humpa mmoja zawadi na kuwafunga mdomo kumi. Tenga alasiri moja, keti na watu wawili wenye masikio mema, mmoja wao awe mwanamke na mmoja awe mpigaji wa zamani, wasikilizeni vijana mmoja mmoja, na kila mmoja aondoke na tarehe au na maneno ya wazi kuhusu kinachopungua. Nani atangulie kupiga siku yenyewe, pigeni kura ya vijiti, kwa sababu wa pili siku zote huonekana ndiye mkubwa.

Rekodi kila onyesho, hata kwa simu nzuri iliyowekwa juu ya kigoda mbele ya jukwaa, na ndani ya wiki moja mpe kila mpigaji nakala yake. Usiirushe popote kabla ya kumwomba ruhusa. Bendi za mikoani zilijulikana nchini kwa sababu zilisafiri mpaka studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, au kwa kampuni za santuri za Mombasa na Nairobi, na zikarekodiwa. Aliyekuwa hodari lakini hakurekodiwa amebaki katika masimulizi ya wazee. Redio ya mjini kwenu ikikubali kutangaza nusu saa tu kwa mwezi, tayari una wasikilizaji wasiohesabika kwa viti.

Kuhusu vibali sitarefusha. Anza na ofisi ya serikali ya mtaa, kisha Afisa Utamaduni wa Halmashauri ya Jiji, ambaye atakueleza taratibu za Baraza la Sanaa la Taifa na za hakimiliki kwa onyesho la ukubwa wako. Fanya hivyo miezi miwili kabla na kwa maandishi. Usidhani kwamba kutotoza kiingilio kunamwondolea mtunzi haki yake. Wimbo wa mtu ni wa mtu hata asubuhi, na vijana wako ambao kesho watakuwa watunzi waone tangu sasa kwamba jambo hili linaheshimiwa. Taja jina la mtunzi kabla ya kila wimbo.

Mwezi wa kwanza watakuja watu wengi kwa udadisi, na mwezi wa pili watapungua. Mwezi wa tatu unaweza kuwa na watu kumi na wanane na mvua ya rasharasha. Anza kwa wakati, waweke hao kumi na wanane viti vya mbele, na walipe wapigaji kiasi kile kile. Usihukumu kabla ya mwezi wa sita. Kwa uzoefu wangu, kuanzia hapo ndipo utakapoona watu usiowajua, waliotoka mitaa ya mbali, wameketi kimya wakisubiri saa tatu na nusu.

Nimalizie kwa mjukuu wako. Kumnyima nafasi kwa sababu ya maneno ya watu kungekuwa kumwonea, na fidla katika mikono ya binti ni jambo ambalo mji wa taarabu unapaswa kuliona. Lakini asipige mwezi wa kwanza wala wa pili. Aende akasikilizwe na wale wawili siku ya mchujo, wewe ukiwa nje, na wakimkubali apangwe mwezi wa tatu au wa nne, ndani ya kundi na wenzake. Atambulishwe na mtu mwingine, kwa jina lake tu, pasipo kutaja babu. Bahasha yake iwe na kiasi kile kile na apewe kwenye foleni ile ile na wenzake. Nawe siku hiyo tafuta kiti cha safu ya nyuma, karibu na muuza kahawa, umsikilize kutoka hapo.